Magunia Meupe ya Shemeji

Hapana, halikuwa joka. Wala haikuwa maiti.

Nayasema haya mapema kwa sababu tangu wiki iliyopita, tulipomwacha Mama Kinu amesimama kwenye mlango wa ghala lake, ufunguo mkononi na mdomo wazi, wasomaji hamjaniacha nipumue. Mmoja ameniapia kwamba mle ndani mlikuwa na joka limejiviringisha. Mwingine kamwona marehemu mume wa Mama Kinu amerudi kudai mashine yake. Poleni wote. Alichokiona Mama Kinu kilikuwa kibaya kuliko hivyo.

Aliona usafi.

Magunia thelathini na moja, mapya, meupe pe, yamepangwa kwa safu. Midomo yote imeshonwa kwa uzi mmoja, mweupe vilevile. Sakafu imefagiliwa mpaka inang'aa. Hata mizani ilikuwa imepakwa rangi.

“Shemeji,” Mama Kinu aliita polepole, “magunia ya watu yako wapi?”

Shemeji, mdogo wa marehemu mumewe, alichomoza nyuma ya mashine akijifuta mikono, uso umejaa furaha. Mtu huyu aliwahi kufanya kazi ofisini kwa miezi minne, na tangu hapo kila anachokiona kina vumbi.

“Si hayo hapo! Nimehamisha moja moja, gunia zee kwenda gunia jipya. Sikuchanganya hata punje. Bwana Mkoba akija leo akute biashara, asikute jaa la takataka.”

“Na nyuzi?”

“Nyuzi zipi?”

“Nyuzi, shemeji! Nyuzi za midomo ya magunia!”

“Ah, zile. Nimechoma. Magunia mazee, nyuzi, kamba, vitambaa, vyote. Moto wenyewe ulikuwa mkali, tazama, umeniunguza nyusi.”

Mama Kinu akaegemea mlango.

Sasa, kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, kaa hapa nikueleze upesi upesi. Kinu hiki kinakamua mafuta ya alizeti. Mkulima akishapura na kupepeta, analeta gunia lake, analiacha ghalani, anasubiri siku yake ya kukamuliwa. Gunia halina jina. Zamani walijaribu kuandika majina kwa wino, lakini kinuni kila kitu kinashikwa na mikono ya mafuta, na majina yote yalifutika kabla ya mwezi kwisha. Ndipo kila nyumba ikachagua uzi wake. Uzi wa bluu wenye mafundo mawili ni Mzee Taratibu. Ukanda wa gauni la njano ni Mama Mapacha. Waya wa breki, uliopindwa kwa koleo, ni fundi baiskeli. Ukiuona uzi, umemwona mwenye gunia.

Na kanuni ya kinu ni moja tangu mashine ilipofungwa: kila mtu anakamuliwa mbegu zake mwenyewe, anaondoka na mafuta yake na mashudu yake, yaani yale makapi wanayokwenda kulisha mifugo. Hakuna kuchanganya. Wapo watu wanaopita vinu viwili vingine njiani, gunia limefungwa kwenye baiskeli, jasho linawatiririka, kwa sababu ya kanuni hiyo tu.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kukamua. Na leo, saa tatu kamili, Bwana Mkoba angefika kushuhudia kazi ya siku moja, kisha atie sahihi ya kununua kinu chote, jengo, mashine na mizani iliyopakwa rangi.

Mama Kinu aliitaka hiyo sahihi kuliko kitu chochote duniani. Kule mjini, hatua chache kutoka kwa binti yake, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, na mwenye nyumba alikuwa akisubiri jibu mpaka Ijumaa. Nyumba haikuwa na lolote la ajabu. Ila haikuwa inatikisika. Kwa miaka thelathini Mama Kinu amekunywa chai kwenye kikombe kinachocheza juu ya meza, amelala kwenye kitanda kinachonguruma mashine ikiwashwa alfajiri, ameongea kwa kupayuka mpaka kanisani wanamgeukia. Alitaka kuzeeka mahali ambapo kikombe kinatulia.

“Saa ngapi sasa?” aliuliza.

“Mbili na nusu,” shemeji akajibu, sasa akianza kuhisi kwamba sifa zake zinachelewa kuja. “Kwani kuna tatizo?”

“Magunia ni ya nani na nani?”

Shemeji akayatazama magunia. Magunia nayo yakamtazama.

“Si… mbegu ni mbegu, shemeji. Kila mtu mpe gunia moja. Nani atajua?”

“Wao!”

“Mama,” sauti nyingine ilisema kutoka pembeni. “Tuwaambie ukweli kabla hawajaingia.”

Alikuwa mkwe, mke wa mtoto wake wa kiume, amekaa kwenye kigoda na chekeche lake mapajani. Mumewe ni dereva wa lori, akionekana nyumbani mara moja kwa mwezi ni bahati. Kazi ya mkwe hapo kinuni ni kuchekecha mbegu za kila gunia kuondoa mawe kabla hazijaingia kwenye mashine, kwa sababu jiwe moja tu linatosha kuvunja chuma. Mikono yake ilikuwa haikai bure hata anapoongea.

“Ukweli gani?” Mama Kinu alimkatiza. “Kwamba tumewapotezea mbegu, siku ambayo mnunuzi atakuwa amekaa pale akisikiliza? Wewe hebu endelea na kazi yako. Haya ni mambo ya wakubwa.”

Mkwe akainamia chekeche lake. Msomaji, huyo mtoto wa watu mkumbuke, usimwache kwenye kigoda kama alivyoachwa na mama mkwe wake.

Saa tatu kasoro dakika tano, gari dogo lilisimama nje.

Bwana Mkoba aliingia na mkoba wake wa ngozi ameukumbatia kifuani. Anavyo vinu vitatu kule bondeni, na inasemekana vyote alivinunua kutoka kwa watu waliochoka. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini, asiye na haraka. Nyuma yake waliingia wakulima, wote kwa pamoja, na mlango ukawa mdogo ghafla.

“Mbona kumekuwa kama hospitali?” Mama Mapacha akashangaa.

Mama Kinu angeweza kudanganya, na uwongo alikuwa nao tayari mdomoni. Lakini aliwatazama wale watu, wengine wamemzika naye mumewe, akashindwa.

“Jamani, shemeji yangu alitaka kunisaidia. Amebadilisha magunia yote. Nyuzi amezichoma.”

Macho thelathini na kitu yakamgeukia shemeji. Shemeji akageukia mizani, akaanza kuangalia kama rangi imekauka.

“Haina shida!” Mama Mapacha alisema haraka haraka. Alikuwa ameshafika kwenye gunia lililotuna kuliko yote, amelichungulia kwenye mshono, na sasa ameweka mkono juu yake. “Langu mimi nalijua. Hili hapa.”

“Lako tangu lini?” fundi baiskeli akaingilia. “Hebu ona punje zilivyonona. Hizo zimekula mbolea yangu mimi.”

“Niachieni gunia langu,” alisema Mzee Taratibu. Na huyu ni mtu ambaye akiamka kwenda kuketi kwenye kiti, unaweza kwenda dukani na kurudi kabla hajakaa. Leo alikuwa amewatangulia vijana wawili.

Kufumba na kufumbua gunia lile nono lilikuwa na wenyewe sita. Gunia jingine la pembeni, limelegea, mapepe mengi kuliko mbegu, halikuwa na hata mmoja. Hakuna aliyelileta. Lilijileta.

“Basi!” Mama Kinu alipaza sauti, ile sauti yake inayoshinda mashine. “Wote kwenye benchi. Shemeji, lete sinia. Mimi miaka thelathini nimekaa na mbegu zenu. Leo tutajuana.”

Wakakaa. Hata Bwana Mkoba alikaa.

Mama Kinu alikata mshono wa gunia la kwanza, akachota konzi moja, akamwaga kwenye sinia. Akainusa. Akatia punje mbili mdomoni, akatafuna, akatema.

“Mchanga. Kuna mtu mmoja hapa namwambia kila mwaka anunue turubai la kupuria, na kila mwaka anapura kwenye udongo mtupu.”

Benchi zima likamtazama kinyozi.

“Turubai nilinunua,” kinyozi akajitetea.

“Liko wapi?”

“Nimeezekea banda la kunyolea.”

“Chukua gunia lako.”

La pili alilinusa tu, pua ikamkunjamana.

“Dawa ya kuchua mgongo! Mbegu zinachuliwa mgongo tangu lini?”

Mzee mmoja, karani mstaafu, akakohoa. “Godoro langu limekwisha,” alisema kwa heshima zote. “Na wezi wamezidi. Nikaona nilalie magunia, nipate faida mbili.”

Watu walicheka mpaka benchi likalia. Mama Kinu naye alianza kuchangamka. Woga ulimtoka, na mahali pake pakaingia ile raha ya mtu anayefanya anachokijua mbele ya watu. Akakata la tatu, la nne, la tano. Lile gunia nono likawa la mjane mmoja mnyamavu ambaye hakuwa hata amefungua mdomo kulidai. Lile lenye mapepe likampata mwenyewe pia, na mwenyewe alikuwa Mama Mapacha, aliyevuna wiki mbili kabla ya wakati ili awahi harusi ya dada yake.

“Na si hili tu lililo langu,” alilalamika Mama Mapacha. “Nilileta mawili.”

“La pili litakuja. Kaa.”

Kwenye gunia la nane Mama Kinu akasita. Akatandaza mbegu kwenye sinia, akazigawa kwa kidole. Akachota kutoka gunia la tisa, akazitandaza pembeni. Kisha akainua kichwa taratibu, na wale wanaomjua wakajua kuna mtu anaumbuka.

“Hizi za mistari ni za shamba la juu, la fundi baiskeli. Hizi nyeusi ni za shamba la chini, la mshonaji.”

Fundi baiskeli na mshonaji, nawakumbusha, ni majirani walionuniana miaka mitatu sasa kwa sababu ya mpaka wa shamba. Hawasalimiani. Mmoja akipita njia hii, mwingine anapita ile. Walishapelekana kwa wazee mara mbili, wote mnajua, na mke wa fundi alipofariki mshonaji alituma salamu za rambirambi kupitia mtu wa tatu.

“Gunia la nane lina za mistari na nyeusi, nusu kwa nusu,” Mama Kinu aliendelea bila huruma. “La tisa, hivyo hivyo. Na zimepepetwa kwenye ungo mmoja.”

Mshonaji akaanza kuhesabu mabati ya paa. Fundi baiskeli akagundua kamba ya kiatu chake imelegea.

“Upepo,” alisema akiwa ameinama. “Mwaka huu ulikuwa na upepo sana.”

“Upepo umebeba nusu gunia?”

“Magunia mawili,” kinyozi alirekebisha, na hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Watu walipiga makofi, walipiga vigelegele, Mzee Taratibu alifuta machozi kwa kofia. Mshonaji mwenyewe alijikaza, alijikaza, akashindwa, akacheka huku amejifunika uso.

Aliyecheka zaidi alikuwa Bwana Mkoba. Alicheka kwa kifua kizima. Kisha akaacha, akaufunga mkoba wake kwa lile bizimu la shaba.

“Mama,” alisema kwa ile sauti yake ya chini, “nimefurahi sana kukufahamu. Lakini siwezi kununua.”

Mama Kinu alidhani amesikia vibaya.

“Kwa sababu ya magunia? Si umeona, yanapata wenyewe!”

“Nimeona. Ndiyo sababu. Mimi nilikuja kununua mashine na wateja. Sasa nimeona wateja hawaji kwa mashine, wanakuja kwako. Wewe ukienda mjini, nitabaki na chuma na kuta. Chuma na kuta ninavyo.”

Aliinuka. Alisema haya kwa upole kabisa, na upole ndio uliomwumiza Mama Kinu zaidi. Angetukana, angepata la kumjibu. Nyumba ya vyumba viwili ilimpita machoni, ikaondoka. Alikuwa amejiponza kwa uhodari wake mwenyewe, mbele ya watu wanaompigia makofi.

“Ngoja basi,” alisema. “Ngoja tumalize hata magunia.”

Alikata mshono wa gunia la kumi. Akanusa. Moshi. Moshi mtupu, wa kuni.

“Haya, Mama Mapacha, la pili hili. Wewe ndiye unayehifadhi jikoni, juu ya mafiga. Shemeji, limwage kwenye mashine tuanze.”

Shemeji akalibeba, akalipandisha mpaka kwenye mdomo wa mashine. Alikuwa ameshaliinamisha.

“Usimwage!”

Mkwe alikuwa amesimama. Chekeche lilikuwa limeanguka chini, na yeye mwenyewe alionekana kushtushwa na sauti yake.

“Mama, samahani. Hilo si la Mama Mapacha. Ni la Mzee Taratibu.”

“Mzee Taratibu anahifadhi darini,” Mama Kinu alisema kwa ukali. “Tangu enzi za mume wangu.”

“Paa lake linavuja, mama. Mwaka huu kahamishia jikoni. Na Mama Mapacha amejenga ghala dogo nyuma ya nyumba, jikoni haweki tena.”

Benchi zima likawageukia wahusika.

“Kweli,” Mama Mapacha alikiri. “Ghala lina miezi sita sasa.”

“Na paa linavuja,” Mzee Taratibu akaongezea, baada ya muda wake wa kawaida. “Nimeweka ndoo tatu.”

Shemeji aliteremsha gunia polepole. Punje chache tu zilikuwa zimedondoka.

Mama Kinu akamtazama mkwe wake. Sina budi kusema alichokihisi, hata kama hakimpendezi: alihisi aibu, halafu hasira, halafu aibu tena. Kwa sababu alijua mkwe amesema kweli, na alijua kwa nini. Miaka ya karibuni yeye amekaa kwenye mizani, anatazama nyuzi, anapokea salamu. Mbegu zenyewe, gunia baada ya gunia, msimu baada ya msimu, zimepita kwenye mikono ya huyu.

“Haya,” alisema, sauti imeshuka. “Endelea wewe.”

Mkwe aliendelea. Hakuonja, hakunusa. Alitia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, akazungusha mbegu kidogo, akataja. La mama wa kioski. La wale ndugu wawili wa ng'ambo ya daraja. Alipokuta za mtu aliyechanganya mawe ili gunia lionekane limejaa, alimwendea akamnong'oneza sikioni, na watu hawakujua ni nani. Magunia ishirini na moja, hakukosea hata moja. Makofi hayakupigwa. Watu walikuwa wanatazama kwa makini mno.

Bwana Mkoba naye alikuwa hajaondoka. Alikuwa amesimama mlangoni, na lile bizimu la shaba limefunguliwa tena.

“Mama Kinu,” alisema, “tunaweza kuongea pembeni?”

Wakaingia kwenye kichumba cha nyuma, yeye, Mama Kinu na shemeji, wakawaacha watu na mkwe wao.

“Huyu binti akibaki, nanunua,” Bwana Mkoba alisema kabla hajakaa. “Bei ile ile tuliyopatana. Misimu mitatu anifundishie watu wangu, nitamlipa vizuri. Naongeza mstari mmoja kwenye karatasi, basi.”

Mama Kinu nusura amkumbatie na mkoba wake.

“Atabaki! Kwa nini asibaki? Kazi anaipenda, na mumewe hayupo. Andika, bwana, andika!”

Bwana Mkoba akaandika huo mstari kwa mkono, herufi nzuri, moja moja. Shemeji akanyakua kalamu, akasaini kama shahidi, sahihi ndefu yenye mikia, iliyobaki kutoka ile miezi minne ya ofisi. Kisha Mama Kinu akasaini. Aliandika jina lake lote. Alipomaliza, alishusha pumzi mpaka mabega yakalegea.

Mkwe akapiga hodi.

“Mama, magunia yote yamepata wenyewe. Niwashe mashine?”

“Njoo kwanza, njoo usikie!” Mama Kinu alimshika mkono. “Bwana Mkoba ananunua! Na wewe kazi yako ipo, misimu mitatu, mshahara kila mwezi. Nimeshakujibia.”

“Umenijibia,” mkwe alirudia.

“Ndiyo, nimemwambia utabaki.”

“Mama, nilikuwa hapo nje. Hatua kumi. Ulishindwa kuniita?”

Shemeji akatabasamu kwa mashaka. Bwana Mkoba akaacha kupuliza wino.

“Mimi sibaki,” mkwe alisema.

“Mshahara tunaweza kuuzungumza,” Bwana Mkoba akadakia.

“Si mshahara, bwana. Nisamehe, naongea na mama yangu.” Alimgeukia Mama Kinu. Sauti hakuishusha. “Misimu sita nimechekecha mbegu za watu hawa. Tangu uliposema unauza, mimi na mwanao tumekuwa tukijinyima. Nusu ya bei tunayo. Nusu nyingine ningekulipa msimu kwa msimu, na watu hawa wangeendelea kuja, umewaona mwenyewe. Nilitaka uniuzie mimi.”

“Wewe?” shemeji aliangua kicheko. “Wewe ununue kinu?”

Hakuna aliyecheka naye. Kikamfia mdomoni.

“Kwa nini hukusema?” Mama Kinu aliuliza.

“Nilianza kusema mara nyingi, mama. Kila nikianza ulikuwa na kazi ya kunipa.”

Mama Kinu alikumbuka mara mbili, mara tatu, mara nyingi. Na lililomchoma kuliko yote lilikuwa hesabu nyepesi kabisa: mwenye ile nyumba ya mjini alishasema anapokea nusu kwanza. Nusu aliyo nayo mkwe ingetosha. Angeondoka, kikombe chake kikatulia, na kinu kikabaki kinanguruma mikononi mwa mtu anayekijua. Vyote viwili vilikuwa humu ndani tangu mwanzo, vimekaa kwenye kigoda, na yeye hakuuliza.

“Bwana,” alisema, “naomba hiyo karatasi.”

Bwana Mkoba hakumpa. Wala hakukasirika. Aliitazama karatasi, akamtazama mkwe.

“Kama binti habaki, mstari huu naufuta. Ni mwandiko wangu, naweza kuufuta. Afadhali niing'oe mashine niipeleke bondeni, kule nina moja iliyochoka, kuliko kumwachia binti huyu avute wateja wangu huku. Mimi sipati hasara.”

“Na watu?” mkwe akauliza. “Hawa walioko nje?”

“Watakuja bondeni. Au watapanda kitu kingine.”

Nje, kinyozi alikuwa anamtania mtu, na watu wanacheka, kila mmoja amekalia gunia lake jeupe akisubiri mashine iwashwe.

Mama Kinu alitazama pale chini ya karatasi. Sahihi ya shemeji ilikuwapo na mikia yake. Yake mwenyewe ilikuwapo, jina lote, wino umeshakauka. Palibaki nafasi moja tu, ya mnunuzi.

“Bwana, nakusihi. Nilikosea. Nilimjibia mtu bila kumuuliza.”

“Naelewa, mama,” Bwana Mkoba alisema kwa upole wake ule ule, akivuta kiti karibu na meza. “Lakini mimi uliniuliza, tena mara nyingi, kama nitasaini. Nami nakujibu.”

Akaufuta ule mstari kwa mstari mwingine, ulionyooka. Kisha akashusha kalamu mpaka kwenye ile nafasi tupu, na mkwe akaweka kiganja chake juu ya karatasi.